Glita za picha za uso: ya skuli, ya vipodozi, ya majani au ya kwenye simu, uchukue ipi?

Msimu wa harusi ukianza tu masuali yanakuwa yale yale, nitumie glita gani, na ile ya kichupa kidogo inayouzwa pamoja na penseli za rangi si ndo inang'aa zaidi? Ndio, inang'aa zaidi, khasa kwenye picha, na ndo hiyo hiyo nnayowaambia watu waiweke mbali na uso. Kwa vile kila mtu anauliza kivyake na kila mtu ana mfuko wake, nazipanga hapa zote tuzitazame pamoja, ipi inatokeaje kwenye picha, inabandikwa na nini, inatoka vipi kwenye ngozi na ikishatoka inakwenda wapi. Mie napiga picha za watu, mabiharusi, mabinti wa kesha, wageni wanaotaka picha za pwani, na kuna siku nafanya na mekapu mwenyewe, sina duka ninalolipigia debe.

Wengi wanalinganisha kwa rangi na bei. Anza na kitu chengine, itakaa umbali gani kutoka kwenye jicho? Ikiwa ni kuanzia kwenye nyusi kushuka mpaka juu ya shavu, hapo uchaguzi umebaki mdogo sana na mabishano ya bei yamekwisha. Kwenye mabega, kifua, nywele na nguo una nafasi ya kucheza.

Ya skuli na ya vipodozi

Ukizimimina kiganjani utasema ni kitu kimoja. Na kweli kwa kawaida zote mbili ni plastiki ya PET, ile ile ya chupa za maji, imepakwa utando mwembamba wa alumini na rangi juu yake kisha ikakatwa vipande vidogo vidogo, vingi vya pembe sita kwa sababu umbo hilo linapangika kwenye karatasi ya plastiki bila kubakisha mabaki. Tofauti ziko tatu: ukubwa, kingo, na rangi. Ya vipodozi inakatwa ndogo, mara nyingi kati ya milimita 0.1 na 0.2, na rangi zake zinatakiwa ziwe zile zinazoruhusiwa kukaa kwenye ngozi. Ya kazi za mikono, yaani hiyo ya skuli, inakwenda mpaka milimita 1 na kuzidi, kingo zake kali, na aliyeitengeneza alikuwa anafikiria kadi na karatasi, hakufikiria jasho la mtu wala kope.

Sasa jicho. Ule utando wa mbele ya jicho, konea, una mishipa ya fahamu mingi mno, ndo maana hata punje ya mchanga inakutoa machozi. Kipande cha glita kikiingia, mtu kitu cha kwanza anachofanya ni kusugua, na kusugua ndo kunakokwaruza. Huko Swansea, Uingereza, madaktari waliwahi kuandika kisa cha mama mmoja aliyekwenda hospitali na jicho jekundu linalouma, wakadhani ni maambukizi ya virusi vya herpes, kumbe kwenye darubini wakaona kitu kinang'aa, ni glita ya kadi ya Krismasi imeganda jichoni. Yani hata hakuipaka, ilitoka kwenye kadi tu! Wewe unataka kumbandika mtu kichupa kizima juu ya kope halafu umwambie atazame juu, atazame chini, afumbe, afumbue, mara thalathini kwa pozi moja.

Kwa picha peke yake, siwezi kukudanganya, ya kazi za mikono inapiga vizuri. Kila kipande ni kioo kidogo bapa, na kioo kikubwa kinarudisha mwanga mwingi, kwa hiyo hata simu ya kawaida inakamata ile nyota nyota. Ya vipodozi ni ndogo, inahitaji usogee karibu na uwe na mwanga mzuri, ukipiga mtu mzima kutoka mbali inageuka kuwa mng'aro tu. Lakini picha ya uso unaipiga karibu hata hivyo, kwa hiyo faida ya ile kubwa haipo. Ukiitaka sana ile kubwa iweke kwenye kitu kisichopumua, pazia la nyuma, ukingo wa mtandio uliogundishwa ukakauka, kitambaa cha meza. Kwenye ngozi hapana, hata ya mkono, kwa sababu mkono unakwenda usoni bila mtu kujijua.

Na soma kopo. Neno la kusema haina sumu halitoshi, hilo linamaanisha tu kuwa haitarajiwi kukudhuru ukiitumia kwa kazi iliyokusudiwa, halisemi kuwa ni ya jichoni wala ya kula. Kopo la vipodozi linataja viambato vyake, utaona PET imeandikwa kwa jina lake refu, utaona namba za rangi zinazoanza na CI, mfano CI 77891 ambayo ni titani dioksidi, CI 77491 ni ile rangi nyekundu ya chuma. Kichupa kisichokuwa na orodha yoyote, kina picha ya ua na bei tu, hicho ni cha daftari. Na kuna saluni zinanunua mfuko mkubwa halafu wanaigawa kwenye vikopo vidogo visivyo na karatasi, hapo muulize fundi akuoneshe mfuko wenyewe, usione haya, uso ni wako.

Poda ya kung'aa dhidi ya glita yenyewe

Hapa ndo naomba mnisikilize kidogo kwa sababu watu wengi wanaotaka glita kumbe wanachokitaka ni hiki. Mika ni madini yanayochambuka kwa tabaka nyembamba kabisa, yanasagwa, yanapakwa titani dioksidi au rangi za chuma, na ndo yanayofanya hailaita na shedo za macho zing'ae. Kuna na mika ya kutengenezwa maabara, kwenye kopo inaitwa fluorphlogopite, hiyo ni safi zaidi na inang'aa zaidi kidogo kuliko ya kuchimbwa. Chembe zake ni ndogo mno kuliko glita, kwa hiyo huoni nyota moja moja, unaona ngozi yote inatoa nuru, kama hariri.

Kwa biharusi wa kwetu aliyepakwa fundesheni, akavaa dhahabu shingoni na masikioni, na kichwani kuna vikuba vya asumini, mimi nachagua mika mara tisa kati ya kumi. Dhahabu yake mwenyewe ndo itoe nyota, uso utoe nuru. Ukimwekea na glita ya nyota nyota usoni kamera haijui itazame wapi, na ukija kuchapisha picha kubwa zile nyota zinaonekana ni madoa meupe.

Kasoro yake ni vumbi. Poda laini inapaa, na mtu akiivuta si nzuri kwa kifua, khasa mwenye pumu. Usiitie kwenye brashi kavu kubwa ukaipuliza. Chukua brashi bapa, iloweshe kidogo, gusa, bandika kwa kubonyeza bonyeza. Na ZIMA FENI. Vyumba vyetu vyote vina feni ya dari na kwa joto la mwezi wa pili hakuna anaetaka kuizima, lakini dakika zile za kubandika tu izimwe, iwe mika au glita, la sivo unampaka biharusi, somo yake, mkeka na chai iliyowekwa pembeni.

Ya majani, ile wanayosema inaoza

Hii ndo inayoulizwa sana na wageni wa mahoteli, na siku hizi na vijana wetu wanaofanya usafi wa pwani wanaiuliza pia, na haki yao. Ulaya kuanzia tarehe 17 Oktoba 2023 glita ya plastiki ya kumwaga, ile ya kazi za mikono, imezuiwa kuuzwa, na ya kwenye mekapu wamepewa muda mpaka 2035. Sisi Zanzibar mifuko ya plastiki tumeikataza tangu 2006, kabla hata Bara ambao ni 2019, lakini glita inapita kwa sababu ni ndogo, nani ataihesabu? Nayo ni plastiki vile vile, tena ishasagwa tayari.

Glita ya majani kwa kawaida inatengenezwa kwa selulosi inayotoka kwenye miti, mikaratusi khasa, badala ya PET. Ni laini zaidi kwenye ngozi, inajikunja kidogo, na kwa jicho la kamera haina ukali ule ule lakini tofauti unaiona ukiziweka sambamba tu, mtazamaji wa picha hataijua. Bei iko juu na madukani Darajani ama Mlandege hutegemei kuikuta, mara nyingi watu wanaagiza au wanaletewa na jamaa anaetoka safari.

Lakini usiichukue kuwa ni ruhusa ya kumwaga. Nyingi katika hizo bado zina utando wa alumini, na baadhi zina utando mwembamba wa plastiki juu ya selulosi. Chuo Kikuu cha Anglia Ruskin cha Uingereza 2020 walijaribu aina mbali mbali kwenye maji ya mto kwa siku 36, za plastiki na za selulosi, na wakakuta zote zilipunguza ukuaji wa mizizi ya mimea midogo ya majini, na ile ya selulosi ikaongeza konokono fulani wasio wa asili ya pale maradufu. Cambridge nao 2021 walitoa glita ya selulosi tupu isiyohitaji alumini, rangi inatokana na mpangilio wa nyuzi zenyewe, kama ikija kuwa rahisi mie wa kwanza kununua. Kwa sasa msimamo wangu ni huu: ya majani ni bora kuliko ya plastiki kwenye mwili, na zote mbili hazimwagwi pwani.

Maana picha ya pwani kila mtu anaiota, biharusi anarusha glita juu nyuma yake jua linazama Nungwi. Paje na Jambiani kina mama wamelima mwani pale pale maji yakipwa, na upepo wa upande ule nyote mnaujua, ndo maana wale wa matiara ya baharini, wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na upepo, wamejaa kule. Ukirusha kitu chepesi kwenye upepo wa kusi hukioni tena, kimoja kimeingia jichoni kwa biharusi, kimoja kwenye lenzi, vilobaki vyote vimo kwenye mwani wa mtu. Kwa picha hiyo endelea kusoma huko chini, inafanyika bila hata punje moja kurushwa.

Midomo

Hapa sina maneno mengi. Midomo ni ya kulia, kwa hiyo glita ya kula peke yake, ile ya keki, na kopo lake lazima litaje viambato kama sukari, gamu ya mgunga, wanga wa mahindi. Kuna zilizoandikwa ni za kupambia keki lakini si za kula, zile mtu anaziondoa kabla ya kukata, usichanganye. Tazama na jelatini kama unajali imetoka kwa mnyama gani. Inayeyuka kwa unyevu, na unyevu wa kwetu unaujua, kwa hiyo ibandike mwisho kabisa, piga haraka. Ile ya kujitengenezea nyumbani kwa chumvi na rangi ya chakula iache, haing'ai, inarowa na ikigusa jicho inawasha.

Inabandikwa na nini

Mtu anaweza kununua glita nzuri kabisa halafu akaharibu hapa. Zilizo salama usoni: gundi maalum ya glita ya vipodozi, jeli ya mshubiri isiyokuwa na manukato, au vaselini nyembamba. Vaselini inashika haraka na inatoka haraka, lakini kwa joto letu inateleza, nusu saa nje na glita ishashuka mpaka kwenye kidevu, kwa hiyo ni ya studio na ya chumba chenye kiyoyozi. Jeli ya mshubiri inakauka inabana, inafaa mabegani na kwenye mfupa wa shavu. Gundi ya kope za bandia inashika kweli kweli lakini nyengine zina mpira wa leteksi, na kuna watu leteksi inawavimbisha. Jeli ya nywele nyengine ina spiriti, iweke kwenye mstari wa nywele tu. Gundi ya mbao na supagluu sitaki hata kuzijadili, lakini nazitaja kwa sababu nimeshaona mtu anauliza.

Chochote utakachokitumia kijaribu siku moja kabla, kidogo tu kwenye kiwiko upande wa ndani, ukae nacho mpaka kesho yake. Na biharusi aliyetoka kusingwa ngozi yake imesuguliwa, kama na uso umetolewa nywele ndo kabisa, kila kitu kitamuwasha mara mbili. Mpe nafasi ya siku kati ya singo na gundi. Na ile hoja ya kuwa cha asili hakidhuru nayo tuiache, wanja wa kusaga unaweza kuwa na madini ya risasi, na piko tunayoiita hina nyeusi ni rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, inaunguza watu ngozi kila mwaka. Wanaopenda glita juu ya maua ya hina, subirini hina ikauke ibanduliwe kwanza, glita iwekwe juu ya doa lililobaki, sio juu ya hina mbichi.

Jengine ambalo kwenye video za Wazungu hulikuti ni udhu. Gundi na glita ni tabaka, maji hayafiki kwenye ngozi, kwa hiyo wengi wanataka kitu kinachotoka chote kabla ya sala. Hapo mpangilio wa shida ni huu: mika iliyopakwa bila gundi inatoka kwa kunawa na sabuni, glita ya vaselini inataka mafuta na kitambaa, ya gundi ya kope inataka subira. Kwa hiyo kama picha ni kati ya alasiri na magharibi, usimtie mtu gundi nzito halafu adhana ikakukuta unamkwangua.

Kurusha, kupuliza, au kudanganya kwa simu

Picha ya binti anapuliza glita kutoka kiganjani ndo inayoongoza kwa kuombwa, na mimi ndo inayonitia khofu kuliko zote. Kwa nini? Kwa sababu kabla ya kupuliza mtu huvuta pumzi kwanza, na kiganja kiko sentimita chache kutoka puani. Ile pumzi ya kuvuta ndo inayoingiza glita. Wengine wanasema vuta pumzi umegeuka pembeni halafu rudi upulize, sawa, lakini akicheka katikati? Na binti akiwa na mwenzake lazima watacheka.

Kwa hiyo linganisha njia nne:

Ya kwanza kurusha kweli. Macho yamefumbwa, pumzi imebanwa, lenzi za macho zimetolewa, feni imezimwa, shuka kubwa chini la kukusanyia. Inawezekana studio, nje hapana. Watoto hapana kabisa, mtoto hafumbi macho kwa amri.

Ya pili maji. Hii watu wanaidharau lakini jaribu: chupa ya kupulizia ya saluni, maji safi, muweke mtu mbele ya kitu cheusi, jua au flashi iwe nyuma yake kwa pembeni, msaidizi apulize matone juu na nyuma ya kichwa. Matone yakipigwa na mwanga kutoka nyuma yanawaka kama glita ya fedha na hakuna anaeumia. Jua la saa kumi na moja jioni upande wa magharibi, Mji Mkongwe au Nungwi, linatosha kabisa, kasi ya shata iwe 1/1000 au zaidi kama unataka matone yasimame. Paje jua hilo unalipata asubuhi, sio jioni, mashariki kule.

Ya tatu foili ya jikoni. Ikunjekunje, ikunjue, itandaze ukutani mita mbili nyuma ya mtu, imulike kwa tochi, fungua lenzi mpaka f/1.8 au f/2, unapata miduara ya mwanga nyuma yake, laini, ya kupendeza. Hii ndo ya bei rahisi kuliko zote, na mtu hapakwi kitu.

Ya nne kuunganisha. Binti anapuliza kiganja kitupu, uso wake mzuri, macho yake wazi. Halafu peke yako, bila mtu, tundika buibui la zamani jeusi, rusha glita kidogo mbele yake, piga kwa flashi kwenye chumba chenye giza. Flashi ndo inayosimamisha glita, na ukiishusha nguvu mpaka 1/16 inawaka kwa muda mfupi zaidi, vipande vinatoka vikali. Picha ile yenye weusi unaiweka juu ya picha ya binti, kwenye Photoshop chagua Screen, kwenye Snapseed nenda Double Exposure uchague Lighten, weusi wote unapotea inabaki glita peke yake. Ukishapiga picha nzuri kumi za glita kwenye weusi unazitumia mwaka mzima, kopo moja halijesha.

Mimi sasa naitumia ya nne kwa wateja wote wanaotaka picha ya kupuliza, na ya pili kwa wanaotaka picha ya pwani. Wapo wanaosema kuediti ni uongo. Haya, na fundesheni?

Mwanga, kwa sababu glita nzuri kwenye mwanga mbaya ni uchafu

Kama ni glita ya vipande, tumia mwanga mdogo na mkali kutoka pembeni, tochi, flashi isiyofunikwa, jua la dirishani. Mwanga mkubwa laini, softiboksi au kivuli cha barazani, unazima nyota zote, glita inakaa kijivu. Kama ni mika, kinyume chake, mwanga mkubwa laini ndo unaoifungua, mwanga mkali unaufanya uso uonekane una jasho. Ndo maana watu wanapaka mika halafu wanapiga kwa flashi ya simu usoni moja kwa moja, wanalalamika hailaita mbaya.

Shusha mwanga wa picha kidogo chini ya ile kamera inayotaka, gusa uso kwenye kioo cha simu halafu vuta chini, kwa sababu nyota ya glita ikizidi mwanga inakuwa nyeupe tupu na rangi yake yote inapotea, ulinunua ya upinde wa mvua ukapata chumvi. Na simu nyingi zina kitu cha kusafisha ngozi kiko wazi bila wewe kujua, kizime, kinafuta glita kikidhani ni vipele.

Kutoa, na jicho likipata

Usinawe kwanza. Chukua seloteipu au teipu ya karatasi ya mafundi rangi, gusa gusa, glita inanasa, teipu unaikunja unatupa kwenye pipa. Iliyobaki mafuta ya nazi kwenye pamba, kutoka kwenye jicho kwenda nje, sio kwa kuzungusha. Maji na sabuni yanakuja mwisho, kukiwa hakuna tena cha kuingia mtaroni, maana mtaro wa mjini unaelekea baharini tu.

Jicho likiingiwa hakuna kusugua. Maji safi mengi yanayotiririka, kope imeshikwa wazi, lenzi za macho zitoke. Usitie maziwa, asali wala dawa ya matone iliyobaki kwa jirani. Likiendelea kuuma, likawa jekundu, au mwanga unamchoma, ni hospitali siku hiyo hiyo, na amwambie daktari kuwa ni glita, asimwachie akisie.

Kamera nayo: usibadilishe lenzi kwenye chumba kilichorushwa glita, chagua moja ukae nayo, bora isiyokuwa ya zumu kwa sababu zumu inavuta hewa ndani ikirefuka. Vika mfuko, acha tundu la lenzi tu, weka na filta ya mbele. Simu izibe tundu la chaji kwa teipu. Ukimaliza puliza kwa kile kipampu cha mpira, usifute kioo kwa ncha ya kanga wakati glita bado ipo juu yake, kingo zile zinaweza kuharibu utando wa juu wa kioo cha lenzi, na lenzi ni bei kuliko mekapu yote ya siku ile.